Jiwe Kwenye Kikapu cha Kahawa

Shangazi yangu ana mdomo, tena mdomo usiojua likizo. Tangu baba arudi kutoka Tunduru, dada yake huyo alishatoa hukumu: miaka yote ile machimboni, na kilichofika nyumbani ni kipande cha chupa alichookota stendi ya Bukoba. Baba mwenyewe alimwekea mama lile jiwe dogo la bluu mkononi, akamwambia ni safaya, nzuri kuliko zote alizopata. Sasa baba hayupo, na mama hakuwahi kukubali lipimwe. Hata na mimi, binti yake, ninayechambua vito Arusha na kula kwa kazi hiyo.

Bei haikumsumbua. Aliogopa kugundua kwamba mume wake alimdanganya.

Mwaka huu nilikwenda likizo nyumbani Kamachumu. Mama alikuwa amelificha jiwe ndani ya kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni, maana mwizi gani ataiba kahawa ya wageni? Halafu akasahau. Shangazi akaja, akasogezewa kikapu kama kawaida, akachota huku akimsema marehemu kaka yake, akatupia mdomoni. Ka!

"Yesu na Maria! Jino langu!"

Akatema kiganjani: kahawa, kipande cha jino, na jiwe la mama. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Hata chupa inavunja jino," akasema, shavu kalishika. Jamani, kuna watu hawachoki!

Mama hakucheka. Aliliosha jiwe, akanipa. "Nimechoka, mwanangu. Litazame, useme ukweli hapa hapa, na huyu akisikia."

Niliogopa, sifichi. Lenzi yangu imeshawavunja moyo watu wengi, ila hao hawakunizaa. Nikatoa lenzi mkobani, nikatoka na jiwe mlangoni kwenye mwanga, nikatafuta viputo vya hewa vya mviringo, maana ndivyo vinavyoiumbua chupa. Sikuviona. Nikageuza, nikatafuta tena. Nilichoona ni nyuzi nyembamba kama nywele, zimelala kwa mpangilio, na bluu imejikusanya upande mmoja kwa mistari iliyonyooka, huku upande wa pili ukiwa mweupe kama maji. Chupa haina mambo hayo. Jino la shangazi halikuwa limeacha hata mkwaruzo.

"Ni safaya," nikasema.

Shangazi akarukia, "Ya bei?"

"Bei yake ndogo. Rangi haijaenea, na ndani kuna nyuzi. Inayogombaniwa ni bluu iliyokolea jiwe zima, tena safi. Hata safaya ya njano au ya waridi, ikiwa safi, inaipita hii. Lakini hii imetoka ardhini, si kiwandani."

Mama alikuwa bado hajaridhika. "Kwa hiyo hakunidanganya?"

"Hakukudanganya, mama."

Akalia. Alilia kwa furaha, waziwazi, na mimi nikalia naye, na shangazi akabaki anaangalia migomba kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Mama alipojifuta uso, alilirudisha jiwe kikapuni. Safari hii hakulificha. Aliliweka juu kabisa ya kahawa, akakisogeza kikapu mbele kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Karibu kahawa, wifi. Hilo la juu usilitafune, ni la mume wangu."