Sauti Juu, Jirani Wasisikie

Binti yangu alinipigia simu kutoka Chimwaga, anakosoma chuo, akaniambia anakuja nyumbani na wenzake watatu. "Tunatengeneza filamu ya rock, mama." Nikasema karibuni. Kwetu Kondoa mtu akisema rock hana maana mbili: ni yale majabali ya Kolo yenye michoro ya kale, wanayokuja kuyapiga picha wanafunzi na wazungu. Nikamwomba jirani anichinjie jogoo, na kwa kuwa ana gari, awapeleke huko kesho yake.

Waliposhuka kwenye basi moyo ulinilipuka. Wavulana wawili na msichana mmoja, wote fulana nyeusi, kifuani fuvu la mtu. Waliniamkia vizuri tu, shikamoo mama, lakini mimi salamu nzuri hainilainishi. Matapeli wote niliowahi kuwajua walikuwa na adabu. Kilichonikata maini ni mkoba. Kijana mmoja, mrefu, alikuwa amebeba mgongoni mkoba mweusi mrefu, akautua chini taratibu kama anamlaza mtoto. Mkoba kama ule nilishauona.

Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa ambao huku kwetu haukuanza naye: dhahabu ya Mjerumani. Wanasema Wajerumani walipokimbia vita walizika mali zao kwenye vilima vyetu, na tangu hapo watu hawaishi kuchimba. Mimi nilikuwa nashinda sokoni na vitenge vyangu. Yeye akaniambia anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba. Nikafurahi, nani asiyetaka choo kipya? Shimo likazidi kwenda chini, choo sikioni. Siku moja nikamkuta na mgeni mwenye mkoba mweusi mrefu, ndani mna mashine ya kutafutia madini, na ng'ombe wetu wawili hawamo zizini. Hakupata hata kijiko. Kifua kikamuua, shimo likabaki wazi, nami nikalifunika kwa mabati nisilione.

Kwa hiyo msinilaumu. Walipokuwa wanakula nilimtazama binti yangu nikaona uso wa baba yake, kidevu kile kile cha mtu anayesema kesho tutapata. Nikajisemea, tayari, wamemharibu. Nikauliza kama mtu asiyejali, "Huo mkoba una nini, mwanangu?"

"Gitaa, mama," yule kijana akajibu.

Gitaa. Mh. Nikawaambia kesho gari litawapeleka Kolo. Wakatazamana.

"Kolo kufanya nini, mama?" binti yangu akauliza.

Hapo sikuwa na shaka tena. Kolo hawana haja nako, wanataka shimo langu.

Asubuhi niliaga naenda dukani. Nikazunguka kwa jirani, nikarudi kwa kupitia shamba la alizeti. Mabati yalikuwa yameshaondolewa. Binti yangu amesimama ukingoni, koleo mkononi.

Niliyosema siyakumbuki yote. Nakumbuka nilimwambia shimo hili limeshanimalizia mume, na sina nguvu ya kuzika wa pili. Yule msichana mwenzake akaanza kulia. Kijana mrefu akafungua mkoba bila kuambiwa. Kweli, lilikuwa gitaa.

"Mama, rock ni muziki," binti yangu akasema. "Ule uliokuwa unauita makelele."

Kumbe filamu yao ilikuwa ya kuchekesha, habari za wasichana watatu wa sekondari, hapa hapa Kondoa, wanaopenda rock wakati wenzao wote wako kwenye Bongo Fleva. Ni yeye na rafiki zake enzi zile. Nilizikumbuka vizuri. Nilikuwa natoka sokoni nimechoka, nakuta spika zinanguruma uani, nagombana na mume wangu kwa kuwadekeza watoto.

"Baba hakuwa anatudekeza," akasema. "Yeye ndiye aliyetuambia tupandishe sauti, jirani wasisikie sururu. Tulianza na taarabu, haikufunika kitu. Ndiyo tukatafuta rock."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikaniwahi. Miaka yote ile nilidhani anawapenda kupita kiasi, kumbe anaficha mlio wa chuma. Nilicheka hadi nikakaa chini, na hapo chini nikalia. Nilikuwa na hasira na marehemu, na nilikuwa nimemkumbuka sana.

"Na koleo?" nikauliza.

"Mwisho wa filamu wasichana wanalifukia shimo, halafu wanapiga muziki juu yake. Nilitaka kukuomba, nikaogopa."

"Si ungesema tu."

"Ungekubali?"

Nisingekubali, na alijua. Alikuwa amesimama pale anangoja nimfukuze, kidevu kile cha baba yake amekiinua. Nikavua viatu, nikalichukua koleo mkononi mwake.

Kijana mrefu akaunganisha gitaa na spika, kuku wangu wakatawanyika. Nikawaambia waongeze sauti, jirani nitaongea naye mimi. Walikuwa wamezama kwenye kamera, hakuna aliyenitazama. Nikachota udongo. Kabla ya kuumwaga niliinama, nikachungulia mle chini, pembe moja hadi nyingine, kama kuna kinachong'aa.