Betri za Uzio wa Nyani

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Mke wangu anajua kwamba nikirudi nyumbani huangalia kwanza kama kiti changu kimesogezwa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, shamba la kijiji chetu, juu kidogo ya Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, lilikuwa la mahindi. Yakianza kukomaa tu, nyani walishuka kutoka msituni mchana kweupe kama watu walioalikwa. Wazee ndio waliopangiwa kuwafukuza, baba yangu akiwa mmoja wao. Alikaa kwenye kibanda cha majani tangu asubuhi, ukungu ukimwingia kifuani, na mganga wa zahanati alikuwa ameniambia waziwazi kwamba baridi ile, msimu mmoja tena, itamwua. Kumwambia abaki nyumbani ilikuwa kazi bure. Alisema atatoka shambani siku nyani watakapoondoka.

Basi nikaamua kuwaondoa nyani. Nilikuwa nimetoka Tanga kusomea ufundi wa redio, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nikazungusha waya shambani, nikachukua koili ya gari bovu, nikaunga transista mbili zinazopokezana kuwaka na kuzima. Umeme ulipita kwenye koili kwa kitambo kifupi sana, kisha ukapumzika sekunde nzima. Kila kitambo kilipokatika, waya ulipiga. Nyani akiugusa anaruka, lakini hafi. Siri yote ilikuwa kwenye ule ufupi: ukiurefusha, betri zinaliwa bure na pigo haliongezeki. Niliweka kitufe cha kuzungusha ili kuurekebisha, na balbu ndogo ya tochi iliyometa kidogo kila umeme ulipopita. Vyote nikavitia kwenye sanduku lenye mfuniko pembeni mwa shamba. Betri nane nilizoziomba kijijini zingetosha mwezi mzima. Nilipiga hesabu mara tatu.

Zilikufa siku ya nne.

Sikuishuku hesabu yangu. Nilimshuku jirani yetu, ambaye peke yake upande ule wa mlima alikuwa na redio, na ambaye zamu yake ya kulinda ilikuwa moja na ya baba. Nikaomba betri nyingine, nikazikwaruza alama kwa msumari. Siku ya nne zikafa tena, na alama zipo palepale. Mtu mwingine angetulia. Mimi nikasema, kumbe anazitumia halafu anazirudisha! Nikabandika unywele juu ya mfuniko wa sanduku. Kesho yake haukuwapo. Jioni ile redio yake ilisoma taarifa ya habari kwa sauti ya juu, nami nikaisikiliza nimeuma meno.

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Kikao kikaitwa. Baba hakuja, alikuwa amelala akikohoa. Redio ya jirani ikaletwa, ikafunguliwa mgongo mbele ya watoto wake. Betri zake hazikuwa na alama. Nikasema hilo si kitu, mwizi mjanja hakosi betri zake mwenyewe. Balozi akamwuliza kama anamjua anayefungua sanduku.

Jirani alinitazama.

"Mimi sijachukua betri," akasema, akaanza kuufunga mgongo wa redio yake.

Tangu siku hiyo watu walikuwa wakimwona anapita wanaingiza majembe ndani. Niliona ni sawa kabisa.

Betri za mara ya tatu balozi alinipa shingo upande, akasema ni za mwisho. Zikifa, uzio unang'olewa na baba atamaliza msimu wote kibandani. Asubuhi iliyofuata nikajificha kwenye mahindi nimkamate yule bwana.

Aliyekuja alikuwa baba. Aliweka fimbo chini, akafunua sanduku, akaitazama balbu kwa huruma. Kisha akakishika kile kitufe kwa vidole viwili na kukizungusha taratibu, vilevile alivyozoea kupandisha utambi wa taa ya chemli, mpaka balbu ikang'aa.

Nikatoka mafichoni. "Shikamoo, tate. Unafanya nini?"

"Marahaba. Taa yako inasinzia kila siku, mwanangu. Nisipoipandisha itazimika, na watu watakucheka."

Nilikirudisha kitufe mahali pake, nikakikata shina kwa koleo ili kisizunguke tena. Betri zile zilimaliza mwezi, nyani wakarudi msituni, na baba akakubali kukaa karibu na moto. Lakini siku ileile, kabla ya hayo yote, niliteremka kwa jirani. Nilimkuta akipalilia viazi.

"Kaka, nimekukosea. Ni baba anayefungua sanduku."

"Nilikuwa namwona kila asubuhi," akasema.

"Kwa nini hukusema kikaoni?"

"Niseme mzee anaharibu mali ya kijiji? Mbele ya watu wote?"

Nikamwambia nitaitisha kikao kingine nimsafishe jina.

"Ndipo umtaje baba yako?" Akatikisa kichwa. "Acha."

"Basi ungeniambia mimi, pembeni."

Hapo ndipo alipoacha kulima.

"Ungeniuliza, ningekuambia. Hukuniuliza. Ulikuja na balozi."

Akainama, akaendelea na viazi vyake. Nilisimama pale nikingoja ainue uso, hakuuinua. Kile kikao sijakiitisha mpaka leo.