Skrini Iliyowatazama Wateja

Kompyuta nilijifunza mwenyewe vitabuni, na hapa Tunduma wateja huniita Fundi. Jumamosi asubuhi programu yangu ya kuchorea mabango ilikataa kufunguka. Ujumbe ulisema mlango wake wa mtandao, yaani njia yake ya kupitishia data, umeshikwa na programu nyingine.

Mama Neema wa Ihanda alikuwa ameketi upande wa pili wa kaunta na dada yake. Sherehe ya kumuaga Neema kabla ya harusi ilikuwa jioni ileile, na bango lilikuwa bado halijachapwa.

"Msiwe na wasiwasi," nikawaambia. "Namtafuta mvamizi."

Nikafunga kila programu niliyoiona mbele yangu. Ujumbe haukubadilika. Nikamshuku jirani yangu Simkoko, mwenye duka la simu, anayetumia intaneti yangu. Nikamwendea nikamwambia azime kila kitu.

"Kaka, nina wateja!"

"Zima. Binti wa watu anaagwa leo."

Akazima, akanifuata hadi kwangu kuona kosa lake. Nikajaribu tena. Ujumbe uleule. Nikawaeleza wote, kwa upole, kwamba mitandao ya mpakani ina mambo mengi.

Mama Neema akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Samahani, Fundi. Hii televisheni uliyotugeuzia..."

"Hiyo ni skrini ya pili, Mama. Ya kuwaonyeshea wateja kazi."

"Ndiyo. Bango la Neema liko humu tangu tulipoingia. Tulidhani ndilo unalolishughulikia."

Nikazunguka kaunta. Ilikuwa programu ileile ya mabango, niliyoifungua mwenyewe asubuhi, na ndiyo iliyoushika mlango.

"Fundi," Simkoko akasema kwa heshima zote, "sasa zima na wewe."