Pale Mama Alipoishia

Juzi nilizunguka maduka ya vitabu ya Dar es Salaam mpaka visigino vikaniuma, na kote nilikopita nilikuwa nimeukumbatia mkoba kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na kitabu cha dua cha marehemu bibi yangu. Kinaachia kurasa. Nikikifungua naogopa zitaanguka, nikikiacha kabatini naogopa mende. Sasa niambie, mtu kama mimi afanye nini?

Nilianzia kwenye duka moja la ghorofani, lenye kiyoyozi na meza za kunywea kahawa. Dada wa pale alikuwa mkarimu, ila wao wanauza tu, hawashoni. Kwenye duka la vitabu vya sheria niliingia kwa kukosea mlango, nikatoka nikiomba radhi. Kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara sikuweza hata kusimama. Vitabu vilikuwa chini kwenye turubai, watu wanaviruka, na mimi nimelelewa na mtu ambaye kitabu kikimponyoka alikiokota na kukibusu kwanza. Kariakoo, kwenye duka la vitabu vya dini, mzee mmoja aliniuliza kwa nini ninajisumbua na vipya vimejaa. Nikaufunga mkoba, nikatoka. Mwishowe nikaelekezwa kichochoroni, kwa mama mmoja wa makamo anayeuza vitabu vya zamani na kushona vilivyochakaa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakinusa.

"Kinashoneka hiki, dada. Niachie, uje Jumamosi."

Nikaomba kiti. Maneno hayohayo niliyasikia nikiwa mtoto, Korogwe, na sijayasahau.

Tulikuwa tukiishi Mkata, bibi na mimi, nyuma kidogo ya barabara kuu. Usingizi wetu ulikuwa na ngurumo za mabasi ndani yake. Mchana tulimenya mihogo na kuianika, jioni tukala ugali wa bada, unga wa mihogo hiyo, na mchicha, na uvumba wa bibi ukashinda harufu ya moshi wa mafiga. Mama yangu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sura yake siikumbuki hata kidogo, na picha hakuacha. Aliacha kipande cha kanga.

Kipande chenyewe kilikuwa chembamba, chekundu, amekichana kwenye ukingo wa kanga yake. Bibi alinisimulia kwamba mama, alipokuwa mgonjwa, alisoma dua moja kila jioni baada ya Magharibi, akifuata mpangilio wa kitabu. Alipofika mwisho wa nguvu zake, akaweka kile kipande hapo. Bibi mwenyewe hakujua kusoma. Dua zake chache alizihifadhi kichwani, akazisema huku amekipakata kitabu, kidole chake kikigusa ncha nyekundu iliyochungulia kati ya kurasa. "Hapo ndipo alipo mama yako," aliniambia. Nami, kwa akili ya utoto, niliamini yumo mle hasa. Nilikuwa ndiyo kwanza najifunza alifu na be chuoni, na nilikuwa na haraka. Nilitaka nikijua kusoma, nifungue pale nimkute.

Masika moja uzi wa kitabu ukakatika. Bibi akasikia kwamba Korogwe kuna duka la vitabu ambalo mwenyewe ni fundi wa kushona na kujalidi, tena mtu wa dini. Tukachukua basi. Unajua kwetu kitabu cha namna ile hakishuki chini ya kiuno, basi bibi alikishika kifuani, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, tangu Mkata mpaka Segera na mpaka Korogwe. Kondakta alitaka kumpokea mzigo, akatazamwa, akaacha.

Duka lilikuwa chumba kimoja. Mbele vitabu vya shule, nyuma gundi na sindano nene. Sijawahi tena kuingia mahali panaponukia vile, karatasi mpya na unga wa ngano uliopikwa kuwa gundi. Fundi alikuwa mzee mpole. Alikwenda kunawa kwanza ndipo akakigusa. "Niachie, mama," alimwambia bibi. "Njoo Jumamosi." Bibi alisita kukiachia. Mikono yote miwili ilibaki hewani kidogo baada ya kitabu kuondoka.

Jumamosi tulikuta kufuli. Fundi cherehani wa barazani akasema mwenye duka amepanda Bungu, milimani, amefiwa na kaka yake, na atarudi lini hajui. Mvua ilikuwa inanyesha kweli. Niliinua macho nikaona bati la lile duka lina kutu, lina matundu, na roho yangu haikutulia tena. Nyumbani nilipukuchua mahindi nikiwaza maji yanadondokea wapi. Nikaanza kuwaza mchwa. Usiku nikiota naona karatasi zimevimba, wino unatiririka, mama yangu anatiririka nao. Bibi alisema dua zake bila kitabu, lakini kidole kilikuwa kikitafuta kitu mapajani.

Hatimaye dereva mmoja akatuletea habari kwamba duka limefunguliwa. Tulikwenda siku ileile. Fundi alituomba radhi sana, akakitoa kitabu juu kabisa ya kabati, kikavu, kimeshonwa, kimevaa jalada la kijani linalong'aa. Nilitaka kulia kwa furaha. Bibi akakipokea, akapitisha kidole ubavuni. Akapitisha tena.

"Shikamoo baba, kulikuwa na kitambaa," nikasema mimi.

"Marahaba. Kipo, mwanangu. Situpi kitu cha mtu."

Akaleta mkebe mkubwa wa maziwa ya unga. Unajua watu wetu wanavyoweka vitu kwenye vitabu vyao. Mle ndani mlijaa manyoya ya tausi, nywele za watoto wachanga zilizofungwa uzi, nyuzi za shela, tiketi za basi. Hawezi kushona kurasa kukiwa na vitu katikati, alisema, basi yeye huvitoa vyote kwa heshima na kuvitunza mahali safi. Bibi alikiona chake mara moja. Fundi alitabasamu kwa kuona amemfurahisha. Nadhani hakuelewa mpaka bibi alipomuuliza taratibu kilikuwa ukurasa gani.

Hakujua. Nani angejua? Msomaji pekee wa kitabu kile alikuwa chini ya udongo wa Mkata.

Kwenye basi la kurudi sikuthubutu kumtazama bibi. Niliogopa atalia, na nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Tulipokaribia nyumbani akaniwekea kitabu mikononi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na kile kipande akakiweka mwanzo kabisa, baada ya jalada.

"Utajua kusoma," alisema. "Anza hapo mwanzo. Ukikimaliza chote, mama yako lazima utakuwa umempita mahali."

Ndivyo nilivyojifunza kusoma, kwa hofu. Kila jioni dua moja, na kila dua nikijiuliza kama ndiyo hii. Nilisoma polepole nisije nikampita bila kumsalimia. Bibi alisikiliza amefumba macho, kisha anahamisha kitambaa mwenyewe. Tulikimaliza, tukaanza upya, na tukaendelea hivyo hata nilipokuwa mtu mzima ninayekuja likizo. Jioni yake ya mwisho aliniambia, "Weka alama, kesho tutaendelea." Nikaweka. Tangu hapo sijasoma mbele ya pale.

Duka la Korogwe halipo siku hizi. Nilipita, nikakuta wanauza makava ya simu, na hakuna aliyemkumbuka fundi wala cherehani ya barazani. Ule mkebe unaninyima raha mpaka leo. Kila unyoya mle ulikuwa mahali pa mtu, na sijui uliishia jalala gani.

Mama wa duka la kichochoroni alikuwa bado ananisubiri. "Hiki kitambaa nitakitoa, sawa?" aliuliza. Nikamwambia anivumilie kidogo. Nikafungua pale bibi alipoishia, nikaisoma dua ile kwa sauti ya chini, kisha nikasoma iliyofuata. Nilifika mwisho. Nikakichomoa kitambaa mwenyewe, nikamwachia kitabu.

Kitambaa kiko kwenye pochi yangu, hakina ukurasa. Jumamosi bado haijafika. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, na sikumuuliza yule mama kama paa lake linavuja.