Siku Niliyobonyeza Oui

Sikupoteza shamba la yule mama wa Burundi kwa kutojua. Watu wakinihurumia wananikasirisha. Nilisoma maneno yote yaliyokuwa kwenye kioo cha tableti, kwa Kifaransa nilichofundishwa shuleni kwa fimbo, ndipo nikabonyeza Oui, yaani Ndiyo.

Nilikuwa mwandikishaji wa mashamba. Mradi uliokuwa na biro, yaani ofisi, mjini Baraka ulitupa tableti. Tunakwenda vijijini, tunazunguka mipaka ya shamba kwa miguu, tunapiga picha, tunarekodi sauti ya mwenye udongo akisema amempa nani alime na kwa muda gani. Penye rezo, mtandao wa simu, kila kitu kinapanda mtandaoni, na hata tableti ikitumbukia ziwani hakipotei. Pasipo rezo, kinabaki ndani ya tableti kikingoja. Ndivyo tulivyofundishwa, kwa soda na biskuti.

Kijijini Lulimba rezo ilikuwa ya kupiga simu tu, tena ukipanda kilima. Huko alikaa yule mama, mjane, mkimbizi wa Burundi, mwenye watoto wanne na shamba la muhogo aliloazimwa na muzee mmoja Mubembe, mwenyeji wa pale. Muzee alikuwa mgonjwa, tumbo limevimba, na vijana wake wakubwa walikuwa wakisema bila kujificha kwamba siku baba akifunga macho, mkimbizi atatoka. Ndiyo maana muzee aliniita mwenyewe, tena haraka.

Sasa, kwetu mpaka wa shamba hausemwi kwa siri. Wanaitwa majirani, wanapita wote pembeni ya shamba, mwenye udongo anasema neno lake, wanakunywa pombe kidogo, na kuanzia hapo kila sikio lililokuwepo ni shahidi. Majirani walikuja, mmoja na dumu lake la pombe ya ndizi. Mimi nikawafukuza. Fomu ilitaka siri: mwenye udongo, anayepewa na mwandikishaji, basi.

"Bababa, bamama, murudi tu kwenu," niliwaambia. "Hii mashine njo shahidi."

Mashine ndiyo shahidi! Mjinga mimi. Na nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Muzee alizunguka pembe zote nne akishika bega la mjane, akipumzika kila pembe. Kisha akainama karibu na tableti. "Huyu mama atalima hapa maisha yake yote, na batoto bake kisha yeye. Mi njo nasema, mi mwenye udongo." Akakohoa, akarudia tena lile la watoto ili lisipotee. Alama ya kijani ikatokea kwenye kioo: imehifadhiwa.

"Imeisha sasa?" mjane akaniuliza.

"Imeisha, mama. Ulale muzuri."

Usiku huo huo malaria ikanishika. Batri ya tableti ilikuwa imekufa, nami siwezi kusimama, kwa hiyo nikampa dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyekuwa akipita toka Misisi kwenda Baraka. Aipeleke kwenye kibanda cha kuchaji; Baraka rezo ni nzuri, itatuma kila kitu yenyewe. Waandikishaji wote tulifanya hivyo na hakuna aliyewahi kuulizwa. Siku tatu baadaye nikashuka Baraka, nikaichukua. Batri mia kwa mia. Nikamshukuru Mungu.

Ila programu ilikataa kufunguka. Inazunguka, inazunguka, inajifunga. Nikampigia msimamizi wangu wa Uvira.

"Kumbukumbu ya ndani imeharibika," akasema. "Ifute yote, uanze upya. Vitu vyote vitashuka tena toka mtandaoni. Vyote vilishapanda?"

"Vyote," nikasema. Sikujua. Nilisema tu.

Kioo kikanipa onyo: yale ambayo hayajatumwa yatapotea kabisa, je, unaendelea? Nikabonyeza Oui.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya mimi niliahidiwa kwamba yatarudi. Yakaanza kurudi kweli: mashamba ya Baraka, mashamba ya Nundu, moja moja, na picha zake. Nikangoja ya Lulimba mpaka mstari wa kupakua ukajaa. Hakuna. Nikakimbia hadi kibandani, na mwenye kibanda akanishangaa.

"Tunazimaka zote, dada. Ikizimwa inajaa mbio. Kila muntu anajua."

Na ni kweli, kila mtu anajua, na iliyozimwa haitumi kitu. Simu yangu mwenyewe niliizima pale mara ngapi?

Asubuhi nikapanda moto kurudi Lulimba, nimrekodi muzee upya. Njia nzima nilikuwa nikimtukana dereva, mwenye kibanda, msimamizi, kila mtu isipokuwa mwenye kidole kilichobonyeza. Nilikuta kilio. Walikuwa wameshamzika.

Wiki mbili baadaye shefu wa kijiji akatuita. Vijana wa muzee walikaa upande mmoja, wengi. Mjane alikaa peke yake upande wa pili, kitenge safi, mgongo wima, kwa sababu aliona nimefika. Msimamizi alikuwa amenionya kwa simu: bila sauti na picha hatuna neno, usituingize mu mambo ya batu. Nikasimama nikasema mashine imeharibika. Sikusema nani aliiharibu.

Majirani wakaulizwa. "Sisi tulifukuzwa," wakasema.

Shefu akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akitafuta njia ya kumwokoa yule mama. "Mwanangu, acha mashine. We ulikuwa pale. Masikio yako ilisikia nini? Sema tu, itatosha."

Maneno ya muzee nilikuwa nayo yote, hata pale alipokohoa. Ninayo hadi leo, nikiwa napika, nikiwa kanisani. Lakini siku ile nilifikiria mkataba wangu uliobaki miezi miwili, na msimamizi wangu, na biro yenye feni.

"Mi nasema tu kile kiko ndani ya tableti," nikajibu.

"Na ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, shefu."

Nikakaa. Vijana wa muzee wakaanza kuongea wote pamoja. Mjane alikuwa bado ananitazama, mdomo wazi kidogo, akingoja, kwa sababu alidhani sijamaliza kusema.