Jumapili Mama Alipopanda Gurudumu

Shangazi yangu alishasema jambo hili lisitoke nje ya ukoo. Amesema mara nyingi, na kila aliposema niliitikia, "Ndiyo, shangazi," macho chini, kama nilivyofundishwa. Sasa mimi mwenyewe nina mvi, na naona utii huo umetosha. Nalisimulia.

Tulikuwa tunakaa Mkolani. Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu wa kike minne. Ilikuwa ile miaka ambayo Mwanza ilijaa vitu kwa ghafla: mitumba kila kona, televisheni zikiwaka madukani kutwa nzima, viwanda vya minofu ya samaki vikifunguliwa kando ya ziwa. Baba alikuwa amepata kazi katika kimojawapo. Halafu mfanyabiashara mmoja Mhindi, ambaye ukoo wake ulikuwa na maduka mjini tangu zamani, akafungua uwanja wa michezo ya watoto karibu na maji. Ulikuwa na treni ndogo, magari ya umeme ya kugongana, na gurudumu kubwa lenye viti vya watu wawili wawili, likizungushwa kwa jenereta.

Mama aliliona gurudumu siku mafundi wanalisimika. Alirudi kutoka sokoni na habari hiyo tu, hata chumvi aliyoifuata alisahau. Mama yangu hakuwa mtu wa kutamani vitu. Angepita katikati ya mitumba shingo isigeuke. Lakini gurudumu alilitaka, tena kwa ajili yake, si kwa ajili yetu. Nilijua hivyo kwa sababu aliniuliza mara mbili kama watu wazima wanaruhusiwa.

Baba akaletewa bahati: walipewa tiketi kazini. Jumapili yenyewe akawa na zamu, akasema twende na mama. Jumamosi, babu akaingia.

Babu ni baba yake baba. Alikuwa amevuka tena na kivuko cha Busisi, kama alivyozoea, kuja kutibiwa mguu, na alikuja na koti lake zito ambalo hakulivua hata jua la saa saba. Alikuwa mzee wa kununa, mpenda soda, mwenye maoni kuhusu kila chakula. Shangazi, dada yake baba, akaja mbio kutoka Buzuruga, na kwa kauli moja akaamua kwamba mzee hawezi kuachwa peke yake nyumbani. Tutakwenda naye, na yeye shangazi atakuja pia.

Niliona uso wa mama ukizimika.

Kwetu mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawakai benchi moja. Mkamwana hali chakula mbele yake, hapiti mbele yake, halitaji jina lake. Akiwa na neno la kumwambia anatuma mtoto, hata kama wamesimama hatua tatu tu na mzee anasikia kila kitu. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Mama angesema, "Mwambie babu yako asiteme mate pale, nimefagia sasa hivi," nami ningekwenda kusema, "Babu, mama anaomba usogee kivulini." Babu angejibu, "Mwambie mama yako kivulini kuna siafu," nami ningerudi na, "Babu anashukuru." Nilikuwa posta inayofungua barua na kuziandika upya, na nyumba ilikaa kwa amani.

Tulipofika uwanjani, shangazi alimtafutia babu mahali pazuri kuliko pote, na pazuri kuliko pote palikuwa benchi la saruji lililo mbele kabisa ya gurudumu. Akamkalisha, mguu mbovu akaunyoosha, akampa soda. Babu akatangaza kwamba hasogei tena hadi jioni.

Tulipanda treni, mimi na mdogo wangu. Tulipanda magari, nikagongwa hadi nikauma ulimi. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kibanda cha tiketi, mahali ambapo babu hamwoni, akitupungia mkono. Kisha mdogo wangu akaanza kulilia gurudumu, na kijana wa gurudumu akasema mtoto wa umri ule hapandi bila mtu mzima.

Mama alitoka nyuma ya kibanda kabla kijana hajamaliza sentensi. Akamshika mtoto mkono, akasimama kwenye foleni.

Shangazi alimfikia katikati ya foleni. "Unakwenda wapi?"

"Napanda na mtoto."

"Mkweo yuko pale chini! Utapitisha miguu yako juu ya kichwa cha baba mkwe wako? Kanga ikipeperuka je?"

"Basi panda wewe naye, wifi."

Shangazi alilitazama gurudumu, akarudi hatua moja nyuma. "Mtoto asipande. Kwani akikosa atakufa?"

Watu wa nyuma yetu walianza kusonya. Kijana wa gurudumu akapuliza filimbi. "Mama, kama hupandi, pisha wengine."

Nilidhani mama atapisha. Alikuwa amepisha miaka kumi na miwili. Niliwahi kumwona akizunguka nyumba nzima na ndoo ya maji kichwani ili asipite mbele ya kiti cha babu, na kiti chenyewe hakikuwa na mtu. Badala yake aliniita, wala hakushusha sauti.

"Nenda kamwambie babu yako ageuke atazame ziwa. Mimi napanda."

Shangazi akanidaka mkono. "Ukipeleka neno hilo, mama yako atarudishwa kwao. Unanisikia? Atarudi kwao na ninyi mtabaki kwangu."

Hakuwa ananitisha bure. Mkamwana kumwamuru baba mkwe lilikuwa jambo la kuitisha kikao, na nilikuwa namjua mwanamke wa mtaa wetu aliyerudishwa kwao kwa neno dogo kuliko hilo. Nilijua pia kwamba ningeweza kulirekebisha. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Ningesema, "Babu, mama anauliza kama jua halikuumizi macho upande huu." Angegeuka au asingegeuka, na hakuna ambaye angelaumiwa.

Lakini nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira na shangazi, kucha zake mkononi mwangu, na hasira na zile ndoo zote zilizozungushwa nyumba. Nikauchomoa mkono, nikaenda mpaka kwenye benchi.

"Babu," nikasema, "mama anasema ugeuke utazame ziwa. Yeye anapanda."

Babu aliitazama chupa yake ya soda. Akanitazama mimi. Sitaki kudanganya, nilitamani kulimeza neno lile. Akaiweka chupa chini. Akaushika mguu mbovu kwa mikono miwili, akaupitisha juu ya benchi, akapumzika, akaupitisha na wa pili. Sasa mgongo wa koti lake ulilielekea gurudumu na uso ulielekea maji. Akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia, nami nikampa soda yake.

Mama alipanda. Alibana kanga katikati ya magoti, akampakata mdogo wangu, wakainuka. Mara ya kwanza kupita juu alikuwa amefumba macho. Mara ya pili kilemba kilianguka, kikashuka taratibu mpaka kwenye kibanda cha tiketi, na yeye wala hakukishika. Mara ya tatu akapiga kelele. Sijawahi tena kusikia sauti ile. Ilikuwa sauti ya msichana, kubwa, haina adabu hata kidogo, na watu wa foleni wakacheka wakimtazama. Mgongo wa babu haukutikisika. Gurudumu liliposimama, mama alishuka kichwa wazi, akamkabidhi mtoto kwangu, akarudi mwisho wa foleni akapanda tena peke yake.

Kikao kiliitwa Jumanne jioni, jua likiwa bado juu. Alikuja baba mkubwa, baba akaomba ruhusa kazini, shangazi akaketi karibu na mlango kama karani. Mama alikuwa jikoni, kwa sababu hata katika kesi yake mwenyewe hakutakiwa kukaa chumba kimoja na mkwewe. Shangazi alieleza yote, akaongeza na ya kwake. Alisema kanga ilipeperuka hadi mapajani, na huo ulikuwa uongo. Akasema mwanamke wa namna hii hurudishwa kwao akafundwe upya. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake, na hilo sijamsamehe kabisa hadi leo.

Baba mkubwa akamgeukia babu. "Mzee, wewe ndiye uliyekosewa. Sema ulichokiona."

"Mimi sikuona kitu," babu akasema. "Nilikuwa natazama ziwa."

"Lakini baba, uliamriwa ugeuke!" shangazi akapaza sauti.

"Ziwa natazama nikitaka," babu akasema. "Nani wa kuniamuru mimi?" Akauliza kama chai ya nyumba hii imekwisha.

Baba mkubwa alikohoa. Wakati huo mama akaniita jikoni. Alikuwa anamimina chai. Aliniambia maneno machache, akanikabidhi kikombe cha babu.

Nikarudi sebuleni. Ningeweza kusubiri watawanyike. Ningeweza kumnong'oneza. Nilipiga goti, nikampa babu chai yake kwa mikono miwili, kisha nikasimama katikati ya wote nikasema kama nilivyotumwa, neno kwa neno:

"Babu, mama anasema Jumapili tunarudi. Safari hii ukae upande wa ziwa tangu mwanzo."