Njoo Taratibu Mpaka Kwangu

Ukienda kwa Fundi Upepo kubadilisha matairi, usidhani kazi ikiisha na wewe umemaliza. Utasimama mbele ya gari lako, ufunguo uko mfukoni mwake, na atakuuliza kama anayemuuliza mtoto wa darasa la kwanza: taa ya upepo ikiwaka kwenye dashibodi, unafanya nini? Ukijibu kwamba utampigia simu, umekosea. Ukijibu kwamba utaendesha polepole mpaka gereji, hapo ndipo atakunja uso kabisa. Lazima useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba utasimama pembeni, utashuka, na hutalisogeza gari hata hatua moja mpaka tairi lijazwe au libadilishwe. Wapo wanaocheka. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenye wajukuu, alikasirika akaapa kwamba harudi tena. Alirudi, maana mtaa mzima hakuna anayebalansi magurudumu kama Upepo, lakini alirudi akinung'unika.

Jina la Upepo alipewa zamani, nusu kwa sababu ya kazi yake na nusu kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa mtu wa maneno. Aliweza kung'oa tairi huku anakusimulia ugomvi wa jirani toka mwanzo mpaka mwisho, na kuna wateja walioleta magari mazima, yasiyo na tatizo lolote, ili wapimiwe upepo na wavunjwe mbavu. Siku hizi maneno yamepungua. Anauliza maswali yake, anasikiliza jibu, anatoa ufunguo. Waliomjua tangu zamani wanasema ni uzee, naye anawaacha waseme hivyo.

Upepo ana dada mmoja tu, aliyemzidi miaka kumi na mmoja. Mama yao alikuwa mtu wa kushinda kazini, kwa hiyo mgongo uliombeba Upepo utotoni ulikuwa mgongo wa dada yake, na mkono uliompeleka gereji kujifunza ufundi, shule ilipomshinda, ulikuwa mkono huohuo. Dada huyu alikuwa mkunga wa zahanati. Watoto wote watatu wa Upepo, mikono ya kwanza kuwagusa hapa duniani ilikuwa ya shangazi yao. Kwa kifungua mimba alimtoa Upepo nje ya chumba kwa kumshika sikio, akamwambia kwamba anapiga kelele kuliko mwenye uchungu.

Mkunga alikuwa na gari dogo la kijivu, alilolipata kwa mtu, nalo lilikuja na matairi ya ranflati. Hayo ni matairi yenye mbavu ngumu. Yakiishiwa upepo hayalali chini kama mengine. Yanasimama kwa mbavu zake na kulibeba gari kwa kilomita kadhaa, ilimradi mwendo uwe wa pole. Ndiyo maana magari yenye matairi hayo hayaji na tairi la akiba, wala buti halina shimo la kuliweka. Mkunga hakuyajua hayo. Siku taa ya upepo ilipowaka mara ya kwanza alikuwa njiani kwenda kumwona mzazi, akampigia mdogo wake simu, sauti imemkauka. Upepo alikuwa chini ya gari la mtu. Alijibu hukohuko chini, "Dada, usisimame. Njoo taratibu mpaka kwangu."

Akaja taratibu, kilomita kumi na moja, akifuatwa na honi za watu wenye haraka zao. Alipoingia gereji alishuka, akalitazama tairi lenye msumari, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo maneno yale yakawa kama ya kwake. Taa iliwaka mara tatu katika miaka minne, na mara zote tatu hakupiga hata simu. Upepo alishtukia tu gari la kijivu linaingia langoni likijivuta kama bibi harusi. Na Upepo alipenda, tusifiche. Mtu aliyebebwa mgongoni alikuwa sasa ndiye anayekimbiliwa. Kila mteja mpya alisimuliwa kisa hicho, na kila mara kilomita ziliongezeka.

Matairi yale yakaisha. Mapya ya aina hiyo yalikuwa hayapatikani kirahisi, na kusema kweli yalikuwa yanamtesa. Mbavu ngumu hazina huruma na mashimo ya barabarani, na Mkunga alikuwa anafika zahanati kiuno kimekaza, akainama kumhudumia mzazi na kuinuka kwa kushika ukuta. Upepo ndiye aliyemshauri aweke matairi ya kawaida. Alimwambia atajiona amekalia godoro.

Siku ya kubadilisha, gereji ilijaa watu, na Upepo akizungukwa na watu anakuwa mwingine. Ranflati haling'oki kirahisi. Ukingo wake umeng'ang'ania rimu, na mashine inalia mpaka meno yanauma. Alipaka sabuni, akatia chuma, akasukuma kwa goti, na muda wote mdomo haukupumzika. Alipomaliza manne akayapiga makofi kama ng'ombe wa kuuza. Kwa sababu hakukuwa na tairi la akiba, aliweka kwenye buti mfuko wenye pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba pancha, akaufunga zipu, na juu ya zipu akapiga fundo la kamba ili usicheze. Akamwambia dada yake kwamba mle ndani kuna vitu vya dharura. Vya dharura gani, hakusema. Alikuwa amekusudia kusema, lakini wakati huohuo ikaingia pikipiki yenye gurudumu lililopinda, na mwenye pikipiki alikuwa na kisa.

Mkunga, ambaye hakuondoka kwa mgonjwa hata siku moja bila kuuliza mara mbili, alishika mlango wa gari akamuuliza.

"Kuna jambo jingine la kujua, mdogo wangu?"

"Jambo ni moja tu, dada. Usilale usukani, maana sasa ni raha tupu."

Watu wakacheka. Dada yake naye akacheka, akaondoka.

Zilipita wiki saba. Asubuhi moja, kama saa nne hivi, Upepo alipigiwa simu na mtu asiyemjua, akaambiwa kwamba gari la kijivu liko mtaroni kwenye kona kabla ya daraja na mama mwenye gari amemtaja yeye. Alifunga gereji akiwa na ovaroli. Njia nzima alikuwa anajiambia kwamba ni breki, itakuwa ni breki.

Aliliona gari kabla ya kumwona dada. Tairi la mbele lilikuwa limeachana na rimu, limechanikachanika na kuizunguka rimu kama matambara, na nyuma yake barabarani kulikuwa na mchoro mrefu wa chuma kwenye lami. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alijua tairi la kawaida likiisha upepo likaendeshwa linavyokufa, alikuwa ameyaona kwa mamia. Buti lilikuwa limefunguka lenyewe. Mfuko ulikuwa mahali pake, na fundo lake la kamba juu ya zipu halijaguswa.

Mkunga alikuwa amekaa pembeni mwa barabara, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Gari lilipovutwa upande, usukani ulijizungusha wenyewe, na mkono ulikuwa umo ndani ya usukani. Kifundo kilikuwa kimeshavimba. Alimtazama mdogo wake kwa macho ambayo Upepo hakuyajua, macho ya mtu anayetaka kusamehewa.

"Nilikuwa nakuja taratibu," alisema. "Taa iliwaka, nikaja taratibu kama ulivyosema. Labda nilizidisha mwendo bila kujiona."

Pale walikuwepo watu saba au wanane. Waliomjua Upepo walikuwa wanamtazama, maana yeye ndiye fundi, wakisubiri aseme. Neno lilimfika kooni. Lilikuwa fupi, lisingechukua hata nusu dakika: haya si yale, dada, haya hayaendeshwi bila upepo, mimi sikukwambia. Yeye, mtu wa maneno, akalimeza.

"Labda," alisema. "Na kona hii ni mbaya."

Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya. Mishipa ya kifundo haikurudi. Mkunga aliweza kushika kikombe kwa muda, kisha vidole vinalegea vyenyewe kikombe kinaanguka. Zahanati walimpa meza ya kuandika majina ya wajawazito, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zake zikawa kama za watoto aliowapokea. Hakulalamika. Alichokuwa anafanya ni kibaya zaidi ya kulalamika: alikuwa anajisimulia. Kila aliyemwuliza kuhusu mkono aliambiwa kwamba ni makosa yake, kwamba mdogo wake alimfundisha vizuri kabisa, yeye akakimbiza gari. Wadogo wa marehemu mama walimjia nyumbani wakamsema kwamba umri umekwenda na barabara si ya kuchezea, naye akaitikia. Akaliuza gari. Hata alipopewa la zahanati siku moja kwenda hatua chache tu, alikataa, akasema kwamba hajiamini tena. Upepo alikuwepo, amekaa hapohapo, anachezea kofia yake.

Usidhani alikuwa amesahau. Kila Jumapili alikwenda kwa dada yake akiwa amepanga maneno, na kila Jumapili alirekebisha bawaba, au bomba, au kiti, akarudi nyumbani. Mkewe alimwuliza mbona nyumba ya wifi inaharibika kila wiki. Ndipo alipoanza na yale maswali yake gereji. Alimfundisha kila mtu wa mji ule isipokuwa mmoja.

Binti yake wa kwanza, yule ambaye Upepo alishikwa sikio kwa ajili yake, alikuwa na mimba changa wakati wa ajali. Tangu akiwa msichana alikuwa amesema kwamba atakayempokelea mtoto ni shangazi. Siku ilipofika alilia kidogo, si kwa uchungu tu. Aliyempokelea ni mkunga kijana, na shangazi alisimama nyuma yake, mkono wa kulia mfukoni, akielekeza kwa sauti ya chini: subiri, usivute, mwache aje mwenyewe. Upepo alikuwa kwenye benchi la nje, safari hii bila kuambiwa, kimya kabisa. Jua la asubuhi lilikuwa limefika miguuni mwake zahanati ilipotulia, kisha kikasikika kilio cha mtoto.

Mkunga alitoka amembeba mtoto kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuweka juu tu kama kifuniko. Alikuwa anatabasamu. Akakaa karibu na mdogo wake, akamwonyesha, akasema kwamba pua ni ya kwao. Halafu, kwa kuwa alikuwa na furaha na furaha hufungua midomo, akasema yule mkunga kijana ana mikono mizuri, na kwamba kama si yeye kukimbiza gari siku ile, angempokea mwenyewe.

Upepo alisikia hilo kwa mara ya mia, na mara hii hakuliweza. Alilisema lote bila kupamba, akitazama sakafu. Kwamba matairi yale ya mwanzo ndiyo yaliyokuwa yanaendeshwa bila upepo. Kwamba aliyoweka yeye hayaendeshwi hata hatua mia. Kwamba dada hakukimbiza gari. Hata angetembea kama kinyonga, tairi lingeachana na rimu vilevile. Kwamba alisahau kumwambia kwa sababu alikuwa anachekesha watu.

Ndani nesi alikuwa anapanga vyombo kwenye sinia, kimoja kimoja.

"Siku ile pale barabarani," Mkunga aliuliza hatimaye, "ulikuwa umeshajua?"

"Nilijua nilipoliona tairi. Kabla sijakufikia."

Aligeuka akamtazama, na Upepo alijilazimisha asikwepe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa machozi. Dada yake alikuwa anahesabu kitu usoni mwake, na ilionekana wazi ni kitu gani: wajomba na mama wadogo waliomsema, ufunguo aliomkabidhi mnunuzi, safari zote alizokataa, miezi yote hiyo ya kujiona mzee mzembe.

"Tairi ningekusamehe palepale mtaroni," alisema. "Mkono wangu ukiwa umevunjika hivyohivyo, ningekusamehe."

Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeanza kulegea juu ya shuka la mtoto, kimoja baada ya kingine. Dada yake aliviona, akavisubiri kidogo kama anayevipa nafasi ya mwisho, kisha akamsogezea mtoto.

"Mshike," alisema. "Mimi siwezi kwa muda mrefu."